Ukuta Nilioubomoa Mara Mbili

Daftari hili ni la Fundi Pancras wa Bisibo. Ni la kuandikia kazi, siyo la watoto kuchorea. Atakayelikuta limesahauliwa juu ya jukwaa alilete nyumbani, mke wangu atampa uji.

Jumatatu, 3 Juni 2024

Leo tumechimba msingi wa wodi ya wazazi, nyuma ya zahanati ya kijiji. Kijiji kimeniita mimi, na hakikuwa na mwingine wa kumwita. Sijisifu, naandika yaliyopo. Madarasa mawili ya shule ya msingi ni mkono wangu, nyumba ya katekista ni mkono wangu, na katika hayo yote hakuna ufa wa kupitisha wembe.

Nina miaka hamsini na tisa, na timazi niliiacha siku niliyomaliza kujifunza kazi. Nafumba jicho la kulia, napeleka la kushoto kwenye uzi, naona. Fundi aliyenifundisha alikuwa hivyo hivyo, na alinizaba kofi siku aliponikuta nimefumba la kushoto. Alisema jicho la kulia ni la kutazamia wageni, la kushoto ndilo la kazi. Watu wa hapa wakisema "jicho la Pancras" wanasema hilo moja.

Habonimana amefika kutoka Nyakisasa na mwiko wake ndani ya gunia. Tumejenga pamoja miaka kumi na tisa. Yeye anapanga tofali, mimi napiga jicho, na kozi, yaani safu ya tofali, haiendi juu mpaka niseme "pandisha". Jioni yeye ndiye anayeosha miko yetu yote miwili, kwa kuwa ni mdogo kwangu kwa miaka saba. Ni mtu wa maneno machache. Ukimwuliza habari za safari anakwambia "nimefika".

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Gozbert, ametusomea masharti. Wananchi wanajenga boma kwa nguvu zao. Likifika lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kabla ya mvua za Septemba, halmashauri inaleta mabati. Likichelewa, mabati yanakwenda kijiji kingine. "Kwa hiyo haya matofari yasilale," alisema. Gozbert husema matofari tangu tukiwa darasa la pili, na mimi nimechoka kumsahihisha.

Deodata, mke wangu, alijifungua mtoto wetu wa mwisho kwenye chumba cha dawa, mgonjwa wa malaria akitapika upande wa pili wa kanga iliyotundikwa kama pazia. Leo jioni ameniambia neno moja tu, nisichelewe.

Alhamisi, 6 Juni

Zege la msingi limeisha. Jua kali. Soda tatu.

Jumanne, 18 Juni

Vumbi la saruji limeniingia jicho la kulia. Nimelifunga kwa kitambaa, naandika kwa la kushoto, na ndipo nimegundua kwamba daftari hili ni bovu. Ni daftari la hesabu, lenye vimraba, Habonimana alilinunua Nyakanazi alipobadilisha gari. Vimraba vya pembeni viko sawa, lakini pale ninapotazama mistari inavimba, kana kwamba aliyeichapa alikuwa amelewa. Nimemwonyesha. Amelitazama mbele, amelitazama nyuma, amenirudishia.

"Umepunjwa," nimemwambia.

Kozi ya tatu imekaa vizuri.

Ijumaa, 28 Juni

Kiu ya kiangazi hiki si ya kawaida. Namaliza dumu la lita tatu kabla ya saa sita, na soda juu yake, halafu kutwa nzima safari za nyuma ya lundo la matofali. Vijana wanaochanganya udongo wamegundua kwamba nikishakojoa, sisimizi wanajaa pale. Wananiita Mzee Asali. Nimewaambia hata wadudu wanamtambua fundi mkuu, tumecheka mpaka kazi ikasimama.

Habonimana hakucheka. Alisema, "Mzee, ukapime."

Nimemwuliza kuna kipimo gani zaidi ya jicho langu.

Jumatano, 3 Julai

Kozi ya nane. Upepo na vumbi jekundu.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba, hakuna kazi. Wiki mbili zilizopita tofali liliniangukia kidole cha mguu, na kidonda bado kibichi. Deodata amekiosha kwa maji ya chumvi, akasema kinamkumbusha miguu ya mama mkwe wake. Nimemwambia asianze.

Mama yangu alikufa akinitambua kwa sauti. Miaka yake mitatu ya mwisho alikuwa anatazama pembeni ya uso wako ndipo akuone. Wengine walisema ni uzee, wengine walimtaja jirani. Mimi nilikuwa Geita nikijenga nyumba za watu, sikuuliza.

Jumatatu, 15 Julai

Kozi ya kumi na mbili, ukuta wa mashariki, ule unaotazamana na barabara. Huo ndio uso wa jengo, kwa hiyo niliinama kupiga jicho bila haraka. Ukuta una tumbo. Katikati umetoka nje kwa vidole viwili. Nilisimama, nikapangusa jicho, nikainama tena. Tumbo lipo.

Nilimwambia Habonimana ashushe kozi nne. Akavuta uzi upya kutoka kona hadi kona, ukagusa kila tofali. Nikamwambia uzi umelegea. Akaweka pimamaji, kiputo kikatulia katikati. Nikamwambia pimamaji hiyo ilianguka kutoka kwenye pikipiki mwaka juzi, haina akili tena. Hapo akapanda jukwaani akazishusha kozi zote nne, tofali moja moja, akiyakwangua udongo na kuyapanga chini. Hakuvunja hata moja.

Jumanne, 16 Julai

Amezipandisha tena zote nne kabla ya saa tisa. Nitapiga jicho kesho, jua likiwa mgongoni kwangu.

Jumatano, 17 Julai

Tumbo lipo palepale.

Leo ilikuwa zamu ya kitongoji chetu kufanya msaragambo, kazi ya kujitolea ya kijiji, kwa hiyo watu walikuwa wengi: wanawake wa maji, wanaume wa mchanga, Gozbert na kamati yake. Wote walikuwa wananitazama nikiwa nimeinama na jicho moja, na mimi nikijua wananitazama. Niliponyanyuka nilisema, "Shusha."

Habonimana aliweka mwiko juu ya jukwaa. Halafu akasema jambo ambalo hajawahi kuniambia kwa miaka kumi na tisa. "Mzee, ukuta umenyooka."

Hakusema kwa jeuri. Lau angesema kwa jeuri ningemjibu kama mtu mzima. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma, nikaona kama ananionea huruma mbele ya kijiji. Nikamwambia mkono wake umekwisha. Nikamwambia arudi Nyakisasa akanyooshe matuta ya viazi, ukuta aniachie mimi. Mtu mmoja kwenye lundo la mchanga alicheka.

Alizishusha kozi nne kwa mara ya pili. Akaosha mwiko wangu kama siku zote, akauweka juu ya msingi ukauke. Wa kwake akautia ndani ya gunia bila kuuosha, akaenda barabarani kusubiri pikipiki. Hakuniaga, na yeye ni mtu wa kuaga.

Naandika haya hasira bado iko kifuani. Ukuta wenye tumbo ni ukuta wenye tumbo. Lakini habari ya viazi sijui ilitoka wapi.

Alhamisi, 18 Julai

Nimejenga peke yangu. Upepo.

Jumamosi, 20 Julai

Nimepandisha kozi mbili kwa jicho langu, bila uzi, nione nani atasema. Aliyesema ni Gozbert. Alisimama barabarani, akainamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayesikiliza mwewe.

"Pancras, haya matofari yanakwenda wapi?"

Nilimwambia asogee, amesimama vibaya. Walipoondoka wote nilivuta uzi. Katikati palikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi, ukuta umeingia ndani. Nikaweka pimamaji, kiputo kikakimbilia pembeni. Nimeamua kwamba uzi umelegea na pimamaji imekufa. Jumatano nakwenda Nyakanazi kununua vyote viwili.

Jumatano, 24 Julai

Nitaandika yote, hata kama mafuta ya taa yataisha.

Nilinunua pimamaji mpya na uzi wa nailoni. Nikiwa nasubiri gari la kurudi, mkononi chapati na soda, niliona turubai la bluu karibu na maegesho ya malori, na bango: kupima macho bure, madereva na wananchi wote. Sikwenda kwa ajili ya macho. Nilikwenda kwa sababu palikuwa na kivuli na benchi.

Muuguzi aliyekuwepo anaitwa Genoveva, umri wa binti yangu wa pili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mimi nimekaa tu."

"Basi kaa huku mbele, kivuli ni hichohicho."

Alinisomesha herufi za ubaoni. Kwa jicho la kulia nilikwenda karibu mpaka chini. Kwa la kushoto herufi za katikati zilikuwa zimefutika, nikamwambia ubao wake umechakaa. Aliandika kitu. Akanipa karatasi ngumu yenye vimraba vingi na nukta nyeusi katikati, kama ukurasa wa daftari hili. Akasema nifunike jicho la kulia, nitazame nukta, nisihamishe jicho.

Nilitazama. Nikamwuliza, "Huyu aliyewachorea karatasi hii mmeshamlipa?"

"Kwa nini, baba?"

"Kazi yake mbaya. Hapa katikati mistari imevimba. Mimi ni fundi mwashi. Ukuta ukiwa hivi naubomoa."

Hakucheka. "Sasa funika la kushoto, tazama kwa la kulia."

Mistari ilikuwa imenyooka, yote, juu mpaka chini. Nilibadilisha mkono mara tatu. Niligeuza karatasi kuona kama kuna nyingine nyuma yake, nikidhani ananifanyia mazingaombwe. Ilikuwa moja.

Hapo akaanza kuniuliza, na kila swali lilikuwa kama mtu aliyewahi kulala nyumbani kwangu. Kiu? Ninayo. Kukojoa mara kwa mara? Waulize sisimizi. Vidonda vinachelewa kupona? Nikavua kiatu. Ninavuta tumbaku? Naam, kiko kimoja jioni, na sigara nikiwa kazini. Presha nimewahi kupima? Sijawahi. Kuna mtu katika ukoo aliyekuwa na kisukari, au aliyepofuka? Nikamweleza mama yangu alivyokuwa akitazama pembeni ya uso wa mtu. Aliacha kuandika, akaniangalia.

"Alikuwa na vidonda miguuni?"

"Alikuwa navyo."

Alinichoma kidole. Sukari kumi na nane na nusu, na mtu mzima ambaye hajala muda mrefu hapaswi kufika hata saba. Nilimtajia ile soda, akasema hata kwa soda haifiki huko kwa mtu mwenye afya. Presha mia na sabini kwa mia. Alisema kuna kipimo kingine cha damu kinachosoma sukari ya miezi mitatu iliyopita, kile hakidanganywi na mtu aliyefunga kula jana, nitakifanya hospitali. Akanitia matone ya kutanua mboni, nikakaa nusu saa dunia ikiwa nyeupe, halafu akanipiga picha ndani ya jicho kwa mashine.

Sikujua kwamba ndani ya jicho kuna ukuta. Kwenye kioo cha mashine palikuwa na duara la rangi ya tofali lililoiva vizuri, na mishipa midogo ikipita juu yake. Genoveva alisema ule ni utando wa nyuma ya jicho, unaitwa retina, ndio unaopokea picha. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Vidoa vyekundu kama vichwa vya pini, hivyo ni vimishipa vilivyovimba na vingine vimevuja damu. Na punje za njano zilizojipanga kuzunguka katikati, hayo ni mafuta yaliyovuja na kubaki. Pale katikati ndipo mtu anaposomea na kulengea, na pangu pamejaa maji, pamefura.

Nilielewa kabla hajamaliza. Nimeona kitu hicho mara nyingi: bomba linavuja ndani ya ukuta, mwenye nyumba hajui, plasta inakula maji polepole, siku moja inavimba na kila kitu ulichopaka juu yake kinapinda. Nikamwambia hivyo. Alisema, "Baba, ndivyo hasa. Na bomba lako ni sukari, imekuwa ikivuja miaka, siyo tangu jana."

Nikamwuliza kama plasta yangu inapona. Alisema kuna sindano inayochomwa ndani ya jicho, Mwanza, kwa miezi kadhaa, na mionzi ikihitajika. Lakini sindano bila kuziba bomba ni kazi bure. Nitumie dawa za sukari na presha, niache tumbaku na soda. La kushoto linaweza kurudisha sehemu tu ya lililopoteza. La kulia lina vidoa vichache, hilo tumewahi. Nikikaa nyumbani nitakwenda njia ya mama.

Mwisho aliniuliza kama kabla ya leo hakuna kitu nilichowahi kukiona kimepinda.

Nilisema hakuna. Nilimdanganya mtoto wa watu usoni.

Nilishuka kwenye gari mbele ya shule, matone yakiwa yamekwisha nguvu. Darasa la tano nililijenga miaka kumi na minne iliyopita, kila mtu anajua ukuta ule. Sijawahi kuupiga jicho tangu nilipoumaliza, nani anapiga jicho ukuta uliokwisha? Nilifumba la kulia. Ulikuwa na tumbo. Nilifumba la kushoto. Umenyooka. Nilikaa chini kwenye majani mpaka kengele ya kufunga shule ilipogongwa.

Alhamisi, 25 Julai

Nimemweleza Deodata. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua chupa ya soda iliyokuwa mezani akaimwaga kwenye mgomba. Halafu akasema, "Habonimana alikwambia ukapime."

Najua alichoniambia.

Nimesimamisha ukuta wa mashariki, nawasingizia vijana kwamba udongo haujakomaa. Hofu yangu naiandika hapa tu. Fundi mwenye jicho bovu hapewi hata choo ajenge. Nikisema, jina la miaka thelathini na tano linaondoka. Nisiposema, linabaki, na Habonimana anabaki kuwa mtu aliyejenga tumbo.

Jumanne, 6 Agosti, Mwanza

Kile kipimo cha miezi mitatu kimesoma kumi na moja, na mwisho wa usalama ni sita na kitu. Sindano imechomwa. Walinitia ganzi ya matone, nilihisi kama mtu amenigusa kwa kidole, basi. Niliogopa zaidi jukwaa la ghorofa ya pili kule Geita. Deodata alikuwa nje ya mlango akisali rozari kwa sauti, daktari akamwomba apunguze.

Jumamosi, 10 Agosti, Nyakisasa

Nilimkuta Habonimana bondeni kwenye matuta ya viazi. Naandika kwa aibu kwamba matuta yake yamenyooka kuliko barabara ya kwetu. Joyness, mkewe, alinikaribisha kwa juisi ya ndizi. Nikaomba maji, akashangaa, nikamwambia kwa nini.

Nilimweleza Habonimana yote. Karatasi ya vimraba, picha, mama, ukuta wa darasa la tano. Nikamwambia, "Ukuta ulikuwa umenyooka. Mara zote mbili."

"Nilijua."

"Nisamehe."

Alikwangua tope kwenye jembe kwa muda mrefu. Kisha akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa siku moja. "Mzee, mimi nilishakusamehe njiani, kabla pikipiki haijafika Nyakanazi. Lakini hapa nyumbani kwangu hakuna aliyesikia ukinitukana. Hata mke wangu sikumwambia. Uende ukaseme pale uliposemea."

Nilimwambia nikisema pale, sitapewa kazi tena. Akasema hilo anajua pia.

Jumatatu, 12 Agosti

Msaragambo. Walikuwepo wote, na yule aliyecheka. Habonimana alikuja na gari la asubuhi, akasimama pembeni na gunia lake.

Nilipanda juu ya lundo la mchanga. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri nyumbani, yakapotea. Nikasema tu. Nikasema mwezi uliopita nilibomoa ukuta wa mashariki mara mbili, na mara zote ulikuwa umenyooka. Nikasema kilichopinda ni jicho langu la kushoto, lina ugonjwa wa sukari ndani yake, wala sikujua kwa sababu sikutaka kupimwa. Nikasema huyu bwana mlinisikia nikimwambia mkono wake umekwisha. Mkono wake ndio bora kuliko yote niliyowahi kuiona, ukiwemo wangu. Halafu nikaomba msamaha, kwa jina lake kamili, kama kanisani.

Nilikuwa nasubiri kicheko. Gozbert akauliza, "Sasa nani anapiga jicho?"

"Habonimana. Na uzi, na pimamaji. Mimi nitampa tofali."

Habonimana alitoa mwiko ndani ya gunia. Tope la siku ile lilikuwa bado limekaukia juu yake. Kabla ya saa nane alikuwa ameng'oa kozi zangu mbili zilizokwenda porini, kozi ya kumi na mbili ya kwake ikakaa mahali pake kwa mara ya tatu. Aliinama kwenye uzi, akanyanyuka.

"Pandisha," alisema.

Nikapandisha. Nilidhani nitaona uchungu. Nilijisikia kama baba aliyekaa mbele siku ya mahafali, na siandiki hivyo ili nionekane mwema.

Alhamisi, 15 Agosti

Jambo la ajabu. Tangu juzi watu wanakuja kusimama mbele ya ukuta wa mashariki wakifunika jicho moja. Wanawake wa maji wanaweka ndoo chini, wanafunika la kulia, wanafunika la kushoto, wanaendelea na safari. Bibi Koleta, mama yake Gozbert, alisimama sana. Akamwambia mwanawe kwamba kwa jicho moja matofali ya katikati hayapo. Kumbe ana sukari ya miaka kumi na miwili na hajawahi kupigwa picha ya jicho hata mara moja. Gozbert amenijia jioni, mara hii bila mzaha, akaomba namba ya Genoveva.

Jumanne, 27 Agosti

Lenta imemwagwa. Nimefikisha siku thelathini na nne bila soda, na kidole cha mguu kimefunga. Tumbaku ninaiota.

Jumatano, 4 Septemba, Mwanza

Sindano ya pili. Sukari ya asubuhi saba na nusu. Mabati yamefika kijijini leo na mimi nipo huku. Gozbert alipiga simu kutoka juu ya kenchi za paa ili nisikie nyundo. Nimeumia kukosa siku hii, nasema kweli. Wagonjwa wenzangu kwenye benchi waliniuliza kelele za nini, nikawaambia ni wodi yetu inapauliwa, na fundi mkuu ni mtu niliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa. Nilieleza mpaka muuguzi akaniita mara mbili.

Jumanne, 17 Septemba

Mvua ya kwanza ilianza saa nane mchana. Tulikuwa tunapiga sakafu. Watu waliokuwa barabarani wakakimbilia ndani ya wodi, thelathini na zaidi, tukasimama tukitazama juu. Hakuna tone lililopita. Deodata alizunguka chumba chote akigusa kuta kwa kiganja, kisha akaja kusimama karibu nami.

Mvua ilipopungua nilitoka mpaka barabarani, nikasimama mbele ya ukuta wa mashariki. Genoveva alinipa ile karatasi ya vimraba niibandike mlangoni, nijipime kila asubuhi jicho moja moja. Nimempa Bibi Koleta. Mimi ninao ukuta, na najua aliyeujenga.

Nilifunika jicho la kulia, nikatazama kozi ya kumi na mbili. Habonimana alikuja kusimama kando yangu, mikono imejaa saruji.

"Unauonaje?"

"Bado una tumbo kidogo. Nusu ya kidole."

Aliutazama ukuta, akanitazama mimi. "Tushushe?"

Nilicheka mpaka akina mama wakachungulia dirishani. Nikamwambia auache hapo hapo, kila asubuhi nitapita kuutazama, na siku nitakayoona umepinda zaidi ya leo nitapanda gari la Mwanza. Akasema sawa.

Maji yalikuwa bado yanatiririka kutoka kwenye mabati. Nikachukua mwiko wake mkononi mwake, nikauosha pamoja na wangu.